Ametulia Kama Bibi Yake

11 Januari 1998

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha watoto, magoti yamenifika kidevuni, maana viti vya watu wazima vimetolewa nje kupakwa rangi. Najua unacheka. Cheka tu, ila ujue na wewe umri unakuja.

Hapa tuko salama. Goti la shemeji yako linamuuma kila mawingu yakijikusanya, kwa hiyo amejiteua mtabiri wa mvua wa mtaa mzima, na majirani wanakuja kumuuliza kama waanike nguo au wasianike. Amekosea mara mbili tu. Anawasalimu, na anamsalimu wifi yangu kwa namna ya pekee, kwa ile sweta aliyomfumia.

Kituo tumekifungua tena Jumatatu. Tuna watoto thelathini na wanane, walimu walezi watatu, na vyoo viwili ambavyo kimoja kina mlango. Jumanne na Alhamisi natoka na mizani begani, napita nyumba za akina mama wenye vichanga. Nawapima watoto, nawaonyesha mama zao namna ya kucheza nao na kuzungumza nao hata kabla hawajaweza kujibu. Mmoja ameniambia, "Mwalimu, nikianza kuongea na kitoto cha miezi mitatu, mume wangu atanirudisha kwetu." Nikamwambia, "Mwambie ndiyo kazi uliyopewa na mwalimu. Akitaka ugomvi aje kituoni." Basi mume akaja kweli. Siku hizi ndiye anayeongea na mtoto kuliko mama.

Sasa nawe. Barua yako iliyopita ilikuwa na kurasa mbili za mageti na mstari mmoja wa Kibibi. Mtoto amepewa jina la mama yetu mpaka hakuna anayethubutu kulitamka, halafu anapata mstari mmoja! Anakaribia miaka mitatu. Nataka maneno yake, uniandikie vile vile anavyoyatamka. Anakuitaje? Akiitwa anageuka? Nijibu haya mawili hata kama hutajibu mengine.

Dada yako


2 Machi 1998

Dada, shikamoo.

Usinigombeze. Barua yako niliifungua karakana mikono ikiwa na grisi, nikaiweka juu ya rafu isichafuke, halafu rafu ikaijua yenyewe. Nimeikuta leo natafuta tindo.

Tunaendelea vizuri. Mama Kibibi bado yuko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, anafua mashuka kwa zamu, mikono imekuwa myeupe kama ya muuza unga. Mimi nina kazi ya madirisha kumi na mawili ya shule moja, na geti la mtu mmoja anayetaka lichorwe simba. Nimemchorea simba. Amesema ni mbwa. Tumekubaliana kwamba ni mnyama.

Kibibi mzima, ana nguvu, anakula kama amelipwa. Mama yake akienda zamu ya asubuhi mimi nakuja naye karakana. Nimemtandikia godoro nyuma ya ubao ili cheche zisimfikie. Dada, mtoto huyu analala! Mimi nagonga chuma, mwenzangu anakata bati, watu wazima wanaziba masikio, yeye kalala usingizi wa waziri. Wateja wananiuliza, "Fundi, umemnywesha nini?" Nawaambia huyu ni mtoto wa chuma, kazaliwa kwenye kelele. Hata kulia halii hovyo.

Maneno anayo, ila lugha yake anaijua mwenyewe. Akitaka kitu anakushika mkono anakupeleka, anakusukuma mbele kama askari na mhalifu. Mama yake anamwelewa kila kitu. Hata mimi si nilichelewa kusema? Nakumbuka mama akisema nilianza nikiwa na miaka mitatu, na baadaye mkaomba ninyamaze.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Salamu kwa shemeji mtabiri.

Mdogo wako


15 Machi 1998

Mdogo wangu,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Shemeji yako amemcheka simba wako mpaka goti likapona kwa muda. Kituoni wiki iliyopita tulipoteza ufunguo wa stoo, tukaukuta mfukoni mwa mtoto aliyetusaidia kuutafuta siku mbili nzima.

Wewe hukuchelewa kusema. Nilikuwa na miaka tisa ulipozaliwa na nilikubeba mgongoni, nakumbuka. Ulisema "maji" kabla hujatimiza mwaka. Mama alikuwa anakutania tu.

Naomba unifanyie jambo moja. Ni mchezo tunaoufanya na watoto hapa. Kibibi akiwa amekaa anachezea kitu, mwendee kwa nyuma asikuone wala asione kivuli chako. Usikanyage kwa kishindo, maana sakafu itamwambia kwamba upo. Halafu piga sufuria kwa kijiko, mara moja, kwa nguvu. Tazama anachofanya. Rudia siku ya pili na ya tatu. Kisha niandikie, usinizungushe.

Usisahau.

Dada yako


26 Aprili 1998

Dada, shikamoo.

Naandika kwa haraka, usishtuke. Kibibi amevunjika mguu, wa kulia, chini ya goti. Amefungwa plasta na daktari amesema mifupa ya watoto inaunga upesi.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nabeba fremu na mteja, tunaitoa nje, naye akatoka nyuma yetu akavuka barabara. Ukaja mkokoteni umejaa madumu ya maji, unashuka mteremko. Mwenye mkokoteni alipiga kelele. Alipiga mara tatu. Hata muuza nguo wa ng'ambo ya pili alimsikia akatoka mlangoni. Kibibi alikuwa katikati ya barabara anaangalia karatasi inayopeperuka, ametupa mgongo. Hakugeuka.

Mzee wa mkokoteni alikaa chini akalia kuliko mtoto. Anasema, "Fundi, nilimwita, wallahi nilimwita." Nikamwambia namjua mtoto wangu, akishika lake haambiliki.

Ule mchezo wa sufuria sijapata nafasi. Mama Kibibi yuko kimya siku hizi, nadhani ni uchovu wa zamu.

Mdogo wako


4 Mei 1998

Mdogo wangu,

Poleni sana. Mpe pole wifi yangu, mwambie namwombea mtoto. Shemeji yako alitaka kupanda basi siku hiyo hiyo, nikamzuia kwa ajili ya goti.

Sasa nisikilize. Mkienda kutazamwa plasta, usirudi nyumbani na karatasi ya mguu peke yake. Mwambie daktari akuandikie kwenda hospitali kubwa, kitengo cha masikio. Usikubali kuambiwa "atasema tu". Usikubali kuambiwa mrudi akifika miaka mitano. Ukikataliwa kaa kwenye benchi mpaka wachoke kukuona. Sisemi kwamba kuna kitu. Nasema apimwe.

Niandikie mara mkirudi.

Dada yako


8 Juni 1998

Dada, shikamoo.

Tumekwenda. Safari ya saa nane nzima, plasta ya Kibibi ikiwa imelala juu ya mapaja ya mama yake na mapaja ya abiria mmoja aliyejitolea.

Walimweka kwenye chumba kidogo kilichofunikwa godoro ukutani. Mama yake akampakata. Daktari, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, akasimama nyuma na ngoma ndogo. Mimi nilikuwa nje nawaona kwa kioo. Akapiga ngoma. Mama yake akashtuka. Kibibi alikuwa anachezea kifungo cha blauzi ya mama yake. Akapiga tena. Mama yake akashtuka tena, na safari hii akaanza kutoa machozi, na Kibibi akamfuta kwa kiganja bila kujua analia nini.

Halafu wakamvalisha vile vitu vya masikioni na kumchomekea waya. Ilichukua asubuhi nzima. Daktari akatuita, akasema, "Mtoto wenu hasikii. Inaelekea amezaliwa hivyo. Sikio la kulia lina chembe ndogo iliyobaki."

Nikamuuliza kama kuna dawa. Akasema dawa hakuna, kuna mashine ya kuvaa na kuna kufundishwa. Akasema mtoto wa namna hii akiletwa kabla ya mwaka, ile chembe inakuzwa. Anavalishwa mashine, wazazi wanafundishwa namna ya kuzungumza naye kwa mikono na kwa midomo, na akifika miaka mitatu ana lugha kama wenzake. Sasa Kibibi atavaa mashine, itamsaidia kusikia honi labda. Lakini miaka ile ya kwanza ndipo kichwa cha mtoto kinapopokea lugha, na yake imepita bila lugha yoyote. Hajui kwamba vitu vina majina, dada. Hajui kwamba yeye mwenyewe ana jina.

Daktari akaniuliza, "Hakuna mtu yeyote aliyemtazama akiwa mdogo? Mhudumu wa watoto, mtu wa kliniki?" Nikamwambia dada yangu ndiyo kazi yake, na alikaa na sisi wiki tatu mtoto akiwa na miezi tisa, akamwogesha, akamlaza. Nikasema kama kungekuwa na kitu dada yangu angeona.

Daktari akaandika. Mama Kibibi alikuwa anatazama dirishani.

Nikajiuliza tu njia nzima. Usingeona?

Mdogo wako


12 Julai 1998

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika na sina zangu za kukurudishia. Kila nikianza na habari za hapa naona aibu. Hii ni karatasi ya tano, nne nimezichana.

Niliona.

Nilifika kwenu Februari ya mwaka tisini na sita, unakumbuka, ulinipokea stendi umembeba juu ya mabega. Wiki ya kwanza sikuona kitu, nilikuwa namla kwa macho tu. Siku moja ya wiki ya pili nilikuwa nasonga unga, yeye amekaa mkekani nyuma yangu. Mfuniko mkubwa wa sufuria ukaniponyoka ukaanguka kwenye saruji. Mimi mwenyewe niliruka. Nikageuka kumtuliza, kwa sababu nilijua atalia. Alikuwa amekaa ananyonya kidole, ametupa mgongo, wala bega halikutikisika.

Nikajua. Nilikuwa na miaka kumi na minne katika kazi hii. Jioni nikapiga makofi nyuma yake, nikaita jina lake, nikatikisa funguo. Kesho yake nikarudia, na keshokutwa. Hakugeuka hata mara moja, mpaka nilipopita upande wake wa mbele ndipo akaniona, akanicheka kwa ule ufizi wake wenye meno mawili.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Mlikuwa mmezika wawili kabla yake. Wifi yangu alikuwa bado anaamka kumsikiliza kama anapumua. Wewe ulikuwa unamchezesha kila ukirudi kazini, na viatu vyako vya chuma, mpaka vumbi linajaa nyumba. Sikuwahi kukuona hivyo tangu mama afariki. Nikasema nisubiri kesho. Kesho nikasema pengine ni mafua yameziba masikio. Nikasema nitakuandikia nikifika nyumbani. Nilipofika nyumbani nikasema jambo kama hili haliandikwi, husemwa ana kwa ana, na nitarudi Desemba. Desemba nikapata sababu ya kutokwenda. Na mwaka uliofuata pia.

Maswali yangu ya kwenye barua, anageuka akiitwa, anasema nini, nilikuwa natafuta unijibu kwamba nilikosea. Na mchezo wa sufuria nilitaka ugundue mwenyewe, ili isiwe mimi niliyekwambia.

Nimewafundisha akina mama mia kadhaa wasinyamaze mbele ya watoto wao. Mtoto wa ndugu yangu wa tumbo moja nikamnyamazia.

Usinisamehe upesi. Lakini niandikie.

Dada yako


30 Agosti 1998

Mdogo wangu,

Wiki ya saba sasa. Pengine barua ilipotea, nikasema niandike nyingine. Sidhani ilipotea.

Plasta imetoka? Mashine mmepata? Kuna ofisi ya watoto wenye ulemavu wa kusikia ambayo mwalimu mwenzangu anamjua mtu wake, nimeambatanisha anwani. Msisubiri likizo kuisha, mwandikeni.

Shemeji yako anakusalimu. Nimemweleza yote. Akasema, "Mimi ningeniambia." Hata lugha ilimpotea.

Dada yako


18 Oktoba 1998

Dada,

Barua zako zote mbili zilifika. Ya kwanza niliisoma nimesimama, nikaitia mfukoni nikachomelea geti zima, nikaisoma tena. Sikujibu kwa sababu kila nilichotaka kuandika kilikuwa tusi, na sijawahi kukutukana.

Plasta ilitoka Juni. Anachechemea kidogo. Mashine amepata, na kwa kupitia ile anwani yako ndiyo amepata shule. Ni kituo cha watoto wadogo wasiosikia, wako kumi na saba, na wazazi tunaingia darasani Jumamosi kujifunza lugha ya ishara pamoja nao. Tumehama. Nimeacha karakana kwa mwenzangu, sasa naajiriwa, nachomelea vitanda. Mama Kibibi amepata kazi ya kufua hapo hapo kituoni. Tunakaa chumba kimoja, lakini kutoka mlangoni mpaka darasani ni hatua mia na ishirini. Nimeandika anwani mpya nyuma ya bahasha.

Sasa nikuambie. Mama Kibibi nilipomsomea barua yako alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Ndiyo yote aliyoandika?" Nikasema ndiyo, kurasa nne. Akasema, "Tafuta vizuri." Nikatafuta. Akasema, "Basi hajaandika."

Akaniambia kwamba mfuniko ulipoanguka alikuwa mlangoni, anakunja nepi. Aliona ulivyoruka, na aliona mtoto asivyoruka. Akakwambia, "Wifi, mbona huyu hashtuki?" Ukatazama mfuniko, ukatazama sufuria. Ukamwambia, "Ametulia kama bibi yake."

Dada, unajua alilifanya nini neno hilo? Alilishika. Kila majirani walipomwambia mtoto wako ana kasoro, alisema wifi yangu ni mtaalamu, amemwona, amesema ametulia. Kila moyo wake ulipokataa, alijirudishia neno lako. Miaka miwili na miezi minne. Ungenyamaza kabisa angekwenda hospitali mwenyewe. Anasema hivyo, na mimi namwamini.

Kurasa nne, na hilo hukuliandika.

Na mimi nina langu. Nilikuambia sikupata nafasi ya mchezo wa sufuria. Niliupata. Niliufanya siku ile ile barua yako ya Machi ilipofika. Nilisimama nyuma yake nikapiga, nikapiga, nikapiga mpaka sufuria ikabonyea, na jirani akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia naitengeneza. Nikakaa na jambo hilo, sikumwambia mama yake, sikukwambia wewe, nikakuandikia habari ya nafasi. Mkokoteni ulikuja ndani ya wiki hizo. Kwa hiyo siwezi kukutupia jiwe nikasimama wima. Lakini mimi nilikuwa fundi wa mageti. Wewe ulikuwa dada.

Usije. Mama Kibibi hataki kusikia jina lako na simlazimishi.

Mimi


8 Novemba 1998

Mdogo wangu,

Ni kweli. Aliniuliza.

Aliuliza kwa sauti ndogo, nepi mkononi, na uso wake ulikuwa unaniomba nijibu vile vile nilivyojibu. Hilo halinisaidii. Mama mwenye hofu ndiye mtu niliyesomea kumjibu. Sikuliandika kwa sababu nilitumaini amesahau. Nimeona aibu mara mbili, ya kusema na ya kutumaini.

Sitakuja. Barua hii haimwombi wifi yangu kitu. Usimsomee kama hataki.

Nikupe habari moja ya kazini, si ya kujisafisha. Mwezi uliopita nilimpima mtoto mmoja wa miezi minane, nikatikisa kengele nyuma yake, hakugeuka. Nikamwambia mama yake pale pale, mizani bado inaning'inia. Nikamwambia, "Sina hakika, lakini sijapenda nilichokiona. Mpeleke masikio yakapimwe." Akamvuta mtoto akaniambia nina roho mbaya, namtakia mwanawe mabaya kwa sababu wangu wamekwisha kukua. Majirani wakatoka. Nikaandika karatasi ya rufaa nikaiweka kwenye kizingiti. Baada ya siku tisa akaja kituoni mbio, na karatasi ya hospitali, akanitangazia mbele ya watoto wote kwamba mwanawe anasikia, yalikuwa ni mafua na nta. Akanitukana kwa utulivu, tusi moja moja. Nilimshukuru. Akaondoka anadhani nimerukwa na akili.

Ilikuwa rahisi hivyo. Kutukanwa, na siku tisa.

Kuna fundi viatu karibu na soko hapa, kiziwi tangu utotoni. Kila Jumamosi nakwenda kukaa kwenye benchi lake naye ananifundisha ishara. Vidole vyangu vigumu, anavipiga kwa kipande cha soli kama mwanafunzi mtoro, na wateja wanacheka. Nimejua maji, njoo, mtoto, kesho. Sijui kama zinafanana na za huko kwenu. Najifunza tu.

Mbusu, kama hilo linaruhusiwa.

Dada yako


17 Januari 1999

Dada, shikamoo.

Pole na mvua, nimesikia kwenye redio kwamba huko kwenu kumechafuka. Goti la shemeji liko hali gani? Sisi tu wazima. Nimepunguza mwili kidogo, chakula cha kantini.

Kibibi ana ishara arobaini na tatu. Mwalimu wake anazihesabu kwenye daftari, na mama yake anazihesabu kwenye ukuta kwa mkaa, na hazilingani, wanagombana. Ya kwanza ilikuwa "maziwa". Siku alipoielewa aliifanya kutwa nzima, alimfanyia mwalimu, aliufanyia mlango, alimfanyia paka. Wenzake wa umri wake wana mia tatu. Mwalimu ametuambia ukweli, kwamba atafika mbali lakini hatawafikia. Huwa namwona anatafuta kitu mkononi, ana jambo kubwa usoni na ishara ya kulisemea hana, basi anajipiga paji la uso. Hapo natoka nje.

Sasa kuna jambo. Shuleni kila mtu ana ishara yake, ndiyo jina. Mtoto haandiki wala hatamki, kwa hiyo mtu anaitwa kwa kitu chake. Mimi naitwa kiganja kinachoshuka usoni, kama ngao ya kuchomelea. Mama yake anaitwa ngumi mbili zinazosuguana, kufua. Wiki iliyopita Kibibi alifungua sanduku akatoa picha, ile uliyopigwa na sisi stendi, umempakata. Akakuonyesha kwa kidole akanitazama. Anataka jina.

Nikakosa. Nilifikiria mizani, nikafikiria kitambaa chako.

Mama Kibibi alikuwa anakata vitunguu. Miezi mitatu hajakutaja. Akaweka kisu chini, akafuta mikono kwenye gauni, akaja akapiga goti mbele ya mtoto. Akabana vidole viwili akavipitisha juu ya midomo yake, kutoka pembe hii mpaka pembe hii, kama anayefunga zipu.

Kibibi akatazama picha. Akamtazama mama yake. Akafanya hivyo hivyo juu ya midomo yake mwenyewe, taratibu, asikosee. Kisha akacheka, kwa sababu amepata mtu mwingine mwenye jina.

Nikamtazama mama yake nikidhani atalibadilisha. Hakulibadilisha. Akarudi kwenye vitunguu. Baadaye kidogo, amenipa mgongo, akasema, "Godoro la ziada liko kwa mwalimu."

Ndivyo anavyokuita sasa, dada. Kila asubuhi anaigusa picha yako na kujifunga midomo, anacheka. Hajui maana yake, na itachukua miaka mingi mpaka awe na ishara za kutosha za kuuliza.

Ukija, atakukimbilia mlangoni na kukuita hivyo mbele ya watu wote. Kama unaweza kuitikia, njoo.

Mdogo wako